Isaya aliguswa midomo. Mimi muuza mchele niguswe wapi?

Mpima Mchele (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi nauza nafaka hapa Mbeya. Mchele zaidi, na maharage msimu wake ukifika. Wateja wa jumla nawapimia kwa mizani, wa rejareja nawapimia kwa kopo. Kopo lenyewe nilirithi kwa mtu aliyenifundisha kazi miaka 11 iliyopita. Kitako chake kimegongwa kwa nyundo kutokea nje, kikaingia ndani. Mnaouza sokoni mnajua ninachosema, msijifanye wageni.

Ijumaa moja tulikuwa kwenye mkesha. Saa nane za usiku kwaya ikaanza kuimba Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, kanisa zima limesimama, mikono juu. Na mimi nimeinua. Nikafumbua macho kidogo nikaona kiganja changu kwenye mwanga wa taa. Chini ya vidole pana sugu iliyopinda kama mwezi mwandamo. Ni ukingo wa kopo umeniweka alama, miaka yote hiyo ya kuchota. Mkono ninaomwinulia Mungu ndio huohuo unaochota kwa kopo lililogongwa.

Sikulia, wala sikuanguka. Nilishusha mkono nikautia mfukoni. Aliyekuwa kushoto kwangu nadhani alijua nimechoka.

Kesho yake baada ya kufunga duka nikaisoma Isaya 6 mwenyewe, ile sura nabii anapomwona Bwana hekaluni, polepole, kama mtu anayesoma mkataba. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utoto lakini kuna vitu sikuwahi kuviona. Maserafi wana mabawa sita, na manne kati ya hayo kazi yake ni kujifunika, uso na miguu. Hawajatenda dhambi yoyote hao, lakini wanajifunika. Vizingiti vinatikisika, nyumba inajaa moshi. Na neno la kwanza la Isaya si haleluya. Ni "Ole wangu! kwa maana nimepotea." Anataja na mahali penyewe palipooza: "mimi ni mtu mwenye midomo michafu."

Hapo nikasimama. Kwa nini midomo? Mtu anaweza kuwa na uchafu wa macho, wa mikono, wa moyo. Nikawaza, nabii kazi yake ni kusema. Mdomo ndio kopo lake. Na serafi alipokuja na kaa la moto hakumgusa kichwa wala kifua, alimgusa pale pale alipopataja.

Halafu kuna mfalme Uzia, anayetajwa mwanzoni mwa sura kana kwamba ni tarehe tu. Nikaenda 2 Nyakati 26. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52, mtu wa maendeleo, maandiko yanasema alipenda ukulima. Mtu wetu kabisa. Lakini alipopata nguvu akaingia hekaluni na chetezo kufukiza uvumba, kazi ambayo si yake. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani wenzake 80 kumzuia, mfalme akawaka hasira, na ukoma ukamtoka katika paji la uso hapo hapo, mbele ya madhabahu ya kufukizia. Akakaa katika nyumba ya peke yake mpaka kufa. Na Walawi 13 inasema mwenye ukoma afunike mdomo wake wa juu, apige kelele, "Ni najisi, ni najisi."

Sasa mwone Isaya. Mfalme aliyeingia hekaluni kwa kujiamini amekufa na ukoma wake. Mwaka huohuo Isaya anajikuta mbele ya kiti cha enzi, na kinachomtoka ni kilio cha mwenye ukoma: midomo yangu ni michafu. Mmoja aliingia akiwa msafi akatoka najisi. Mwingine alikiri unajisi akatoka ametakaswa na ametumwa.

Swali langu ndilo hili. Tunafundishwa kwamba ukiuona utakatifu wa Mungu unapaswa kuitikia. Kuitikia ni nini? Maana kuinua mikono nimeinua sana. Nahisi kaa langu linatakiwa kunigusa kwenye kopo, na kusema kweli naogopa. Hilo kopo linasomesha watoto.

Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Mbele

Nimevuta kiti, naagiza na kahawa.

Binti Kigango

Mpima Mchele, umeandika vizuri ila naomba nikupinge kidogo, maana naona unaelekea kudharau yale ya mwili.

Mimi ni Mkatoliki wa kigango, kwetu padre anakuja mara moja kwa mwezi. Bibi yangu alikuwa na magoti mabovu, lakini ukifika wakati wa mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, alishuka chini polepole akishikilia benchi, na kunyanyuka ilikuwa kazi ya watu wawili. Tulimwambia bibi, Mungu anajua hali yako, kaa tu. Alitujibu, "Anajua. Ila mimi nisije nikasahau." Hakuwa mtu wa kuhubiri yule, ni hilo tu.

Siku hizi naona watu wanaingia kanisani wanatafuna, simu inaita mpaka inamaliza wimbo wake, mtu anapokea anasema "niko kanisani, ongea haraka." Musa aliambiwa avue viatu kabla hajaambiwa kitu kingine chochote cha kazi. Mambo ya Farao yalikuja baadaye, viatu kwanza. Na pale palikuwa porini, machungani, wala si kanisani. Kwa hiyo usituambie kuinua mikono ni bure. Mwili usipofundishwa kuinama, hiyo roho itajifunza wapi?

Swali Tu

Mimi huwa nashindwa hapa. Huyo Uzia aliyegusa sanduku la agano akafa papo hapo, alikosa nini? Ng'ombe wamejikwaa, sanduku linataka kuanguka, mtu kanyoosha mkono kusaidia, anapigwa. Huo ni utakatifu au ni hasira? Halafu mnatuambia Mungu ni upendo.

Mpima Mchele

Swali Tu, huyo wa sanduku ni Uza, si Uzia. Uzia ni mfalme wa ukoma. Majina yanachanganya, usijali.

Habari ya Uza iko 2 Samweli 6, nami haijawahi kunikalia vizuri. Faraja yangu ni kwamba hata Daudi alikasirika siku ile, kisha akaogopa, akakataa kulichukua sanduku mjini mwake. Biblia haikumficha.

Ila tazama sanduku lilikuwa juu ya nini. Gari jipya la kukokotwa na ng'ombe. Sheria ya kitabu cha Hesabu ilisema libebwe mabegani, kwa miti yake, na Walawi wa ukoo wa Kohathi, na hata hao wasiliguse. Hesabu 7 inasema Musa aliwagawia magari koo nyingine za Walawi, wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa sababu mzigo wao ni wa mabegani. Wafilisti ndio waliolirudisha sanduku kwa gari, na wao hawakuijua sheria. Daudi akaiga Wafilisti. Kosa lilianza walipotengeneza gari, siku nyingi kabla ya mkono wa Uza. Na sanduku lilikuwa limekaa nyumbani kwa baba yake Uza miaka mingi. Mimi nadhani alikuwa amelizoea kama fenicha. Hiyo ni dhana yangu, usiinukuu popote.

Na usiishie hapo. Sanduku likawekwa nyumbani kwa Obed-edomu miezi mitatu, na BWANA akambariki yeye na nyumba yake yote. Sanduku ni lile lile, hakuna aliyelipunguza makali. Umeme unaomuua fundi aliyeshika waya kwa mazoea ndio huohuo unaowasha taa ya jirani.

Binti Kigango, nimekusoma na bibi yako amenishinda. Sipingi magoti. Ninachoogopa ni magoti yangu kunitosha.

Mrithi wa Shosho

Niko Murang'a, Kenya, mnisamehe Kiswahili changu.

Hii stori ya kopo imenikumbusha shosho yangu, yaani bibi. Alikuwa wa wale wanaitwa ahonoki, yaani waliookoka, watu wa uamsho. Kwa wasiojua, huo uamsho wa Afrika Mashariki haukuletwa na mikutano mikubwa ya uwanjani. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wote walikuwa Wakristo tayari na wote walikuwa wamechoka na Ukristo wao. Wakakaa na Biblia. Moto ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, ukaja Kenya na Tanganyika. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekuwa mwalimu huko Gahini, alikufa 1936 akiwa bado kijana, na neno alilokuwa akiliambia kanisa lilikuwa fupi: amkeni.

Sasa, hawa watu walijulikana kwa nini? Kuimba ndiyo, waliimba. Lakini majirani waliwajua kwa kurudisha vitu. Mtu anaokoka leo, kesho unamwona barabarani na mbuzi anampeleka kwa mwenyewe. Shosho alikuwa amefanya kazi ya nyumba kwa settler, yaani mlowezi wa Kizungu, na alikuwa na vijiko vinne vya memsahibu amevificha kwa sufuria kuukuu. Alitembea navyo asubuhi akavirudisha. Memsahibu hata hakuwa anajua vimepotea! Alimwangalia tu, akavihesabu, akafunga mlango. Shosho alituambia hiyo stori mara mia na kila mara alikuwa anacheka pale kwa kuhesabu.

Na wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, hawa hawa ahonoki walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali. Kila upande ukawaona wasaliti. Wengine waliuawa. Walikuwa wakisema wamekunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine.

Lakini niseme pia upande mwingine, maana shosho hakuwa malaika. Baada ya miaka, ule moto ukawa orodha. Nani amesuka nywele, nani amevaa herini, nani amekopa pesa. Mamangu aliitwa mbele ya ndugu kwa sababu ya kiatu cha kisigino. Mimi sijui ni wakati gani hasa vijiko viligeuka visigino. Hakuna aliyeona ikitokea.

Askari wa Zamu

Hapo kwenye mavazi ndipo mnapokosea nyote. Utakatifu unaanza na mavazi! Angalia madada wa leo wanavyoingia madhabahuni. Waebrania 12:14 iko wazi, pasipo utakatifu hakuna atakayemwona Bwana. Kopo ni jambo dogo, Mungu anaangalia kwanza heshima ya nyumba yake.

Binti Kigango

Madada tu, Askari? Makaka wao wanaingia wamevaa nini, nuru?

Mpima Mchele

Askari, nashukuru umetoa mstari, ila umekata nusu. Unaanza hivi: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu." Amani na watu wote iko hapo hapo mlangoni.

Na kama unataka kujua Mungu mwenyewe anaposema iweni watakatifu anamaanisha nini, sura ni Walawi 19. Inafungua kwa "Mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu." Nikategemea baada ya hapo zije habari za ubani na mavazi ya makuhani. Mavazi yamo, mstari mmoja, nguo iliyochanganywa nyuzi za namna mbili, na sidhani kama wewe unaushika. Yaliyojaa humo ni pembe za shamba usizivune, waachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Mzee akiingia, simama. Mgeni umpende kama nafsi yako. Halafu karibu na mwisho, mstari wa 35 na 36, mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, na hini ya haki. Efa ni kipimo cha nafaka, kinazidi kidogo debe letu la lita 20.

Kwa hiyo kopo si jambo dogo. Ndugu yangu, ningefurahi sana kama lingekuwa dogo.

Baharia wa Pangani

Assalaam aleikum wakuu. Mimi ni Muislamu, napita tu, ila uzi umenivuta.

Habari ya Musa kuvua viatu kwetu imo vilevile, Sura Taha, aya ya 12. Ndiyo maana hata mlevi wa mtaani kwetu akikatiza msikitini anaacha ndala mlangoni, hilo halihitaji mahubiri. Lakini kilichonifanya niandike ni hilo kopo. Kuna sura nzima katika Qurani, ya 83, inaitwa Al-Mutaffifin. Kwa Kiswahili ni Wapunjao. Inafungua kwa kusema ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa wao wanataka kijae, na wakiwapimia watu wanapunguza.

Nilipoona Isaya wenu anasema "Ole wangu" nikashtuka. Ole ni ile ile. Tofauti yake, Isaya alijisomea mwenyewe kabla hajasomewa.

Marehemu baba alikuwa na duka la rejareja. Kila Ijumaa kabla ya kwenda swala alifuta mizani kwa kitambaa kikavu. Nilidhani ni usafi tu.

Mwinjilisti Mstaafu

Vijana, nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Nimefanya kazi ya uinjilisti KKKT, kanisa la Kilutheri, kwa miaka 30 na zaidi, sasa nafuga kuku. Naomba dakika zenu.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kinasema takatifu, na hapo mtu anasikia kutakata, usafi. Ni neno zuri. Lakini Kiebrania kinasema kadosh, na hilo linaanzia pengine: kilichotengwa, kisicho cha matumizi ya kawaida. Tungesema kilichowekwa wakfu. Ndiyo maana chungu cha hekaluni kiliitwa kitakatifu, na chungu hakina dhambi wala wema. Mungu ni mtakatifu kwanza kwa maana hiyo, kwamba hakuna wa kumfananisha naye, halafu usafi unafuata. Ukianza na usafi peke yake utaishia kwenye visigino vya mama yake Mrithi wa Shosho. Utaanza kukagua watu kabla hujamwona Yeye.

Pili, Mpima Mchele, wewe unaogopa kaa. Nakuuliza, kaa lilitoka wapi? Juu ya madhabahu, mahali sadaka ilipoteketezwa. Isaya hakulifuata. Hakujisafisha midomo kwa mchanga ndipo aje. Alisema ole wangu, basi, akabaki amesimama. Serafi ndiye aliyeruka. Hata huyo serafi alilichukua kwa koleo! Kisha maneno: uovu wako umeondolewa, dhambi yako imefunikwa. Hayo yalisemwa kabla ya kutumwa. Hakuambiwa nenda kwanza ufanye kazi, tukiridhika tutakusamehe. Ukilitengeneza kopo ili Mungu akukubali, utakuwa umeigeuza habari kichwa chini.

Kuna jambo katika Hagai 2 watu hawalisomi. Nabii anawauliza makuhani: mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa nguo, upindo ukigusa mkate, mkate utakuwa mtakatifu? Wakajibu, la. Na aliye najisi kwa maiti akiugusa, utakuwa najisi? Wakajibu, ndiyo. Maana yake unajisi unaambukiza, utakatifu hauambukizi. Hiyo ndiyo sheria ya ulimwengu, embe moja bovu linaoza tenga zima, embe zuri haliponyi bovu. Sasa soma Marko 1. Mwenye ukoma amepiga magoti mbele ya Yesu, na Yesu ananyoosha mkono, anamgusa. Tukitazama kwa macho ya Hagai, Yesu angekuwa najisi. Badala yake ukoma ukamtoka yule mtu. Na yule mwanamke wa kutokwa damu miaka 12, Mathayo anasema aligusa pindo la vazi. Pindo! Isaya aliona pindo za vazi zimelijaza hekalu, hakuthubutu hata kusogea. Mwanamke anayehesabiwa najisi akalishika kwa mkono wake, akapona. Hilo mimi nimelihubiri mara nyingi na bado nikilisema sauti inanikatika.

Tatu, na hili ndugu yangu litakuuma. Umemsoma Uzia katika Nyakati, hukumsoma kwa Amosi. Fungua Amosi 1:1. Amosi alitabiri katika siku za Uzia, mfalme huyohuyo. Yeye alikuwa na ujumbe kwa Israeli, ufalme wa kaskazini, na Uzia alitawala Yuda, lakini ni zama zile zile, nchi zote mbili zimeshiba. Katika sura ya 4 anasema Bwana MUNGU ameapa kwa utakatifu wake. Na sura ya 8 anawataja wafanyabiashara wanaouliza mwezi mpya utaondoka lini wapate kuuza nafaka, na sabato itaisha lini. Wanapunguza efa, wanaongeza shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha, wanauza hata takataka za ngano. Wamekaa ibadani, hawajatoroka! Lakini wanahesabu saa. Efa iliyopunguzwa, rafiki yangu, ndilo kopo lako. Lina umri wa zaidi ya miaka 2,700.

Na kile kisemwacho "Mimi hapa, nitume mimi" tunakiandika kwenye fulana za vijana, mstari wa 8. Mstari wa 9 hatuuandiki. Isaya alitumwa kwa watu watakaosikia wasielewe, mpaka miji iwe ukiwa. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukilinyoosha kopo soko litakupigia makofi.

Kiti cha Mbele

Mwinjilisti, kuku wako wanauzwaje? Nitanunua hata mmoja kwa heshima.

Swali Tu

Mimi ni wa vitendo. Tuseme amelinyoosha kopo. Waliopunjwa miaka 11 atawapata wapi? Hawajui majina. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, alikuwa na majina yote.

Binti Kigango

Kwetu ukienda kitubio na dhambi ya wizi, padre hakuachi na sala tatu tu. Anakwambia rudisha. Mwenyewe hajulikani au hapatikani, mpe maskini. Ila anayejulikana ni lazima yeye kwanza, usimruke ukawape maskini kwa sababu maskini hawakuulizi maswali.

Mwinjilisti Mstaafu

Kweli kabisa. Walawi 6 inasema arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alijiongezea mwenyewe akafika mara nne. Naongeza moja: hicho unachorudisha usikitie kwenye bahasha ya sadaka. Si sadaka hiyo. Ni mali ya watu.

Askari wa Zamu

Mimi niko kimya, nasoma Walawi 19. Ujira wa kibarua umenikuta. Kuna kijana alinichimbia choo.

Mpima Mchele

Wakuu, nimerudi. Imepita wiki tatu.

Kwanza nililipeleka kopo kwenye mizani yangu mwenyewe, ile ya wateja wa jumla, baada ya kufunga, kama mwizi. Kopo la kilo 1 likatoa gramu 910. Nikarudia mara tatu. Maana yake kila makopo 11 niliyouza, karibu kilo nzima ilikuwa ya wizi. Nilikuwa najiambia ni mchele wa kiganja tu.

Nikachukua nyundo nikaligonga kitako kutokea ndani. Kikatoka, lakini sasa kopo halikai mezani, linayumba. Nimeliacha pale dukani. Kila mtu anapimiwa kwenye mizani, hata wa nusu kilo. Kupima kwa mizani kunachelewesha, na kilo yangu inaonekana ghali kuliko kopo la jirani. Majirani wawili wamenijia. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani. Mwingine hakuwa mpole, alisema ninawatangaza wenzangu wezi bila kuwataja. Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Mauzo yameshuka na mke wangu anajua kwa nini, hajasema kitu, ila amepunguza mafuta kwenye mboga.

Ninaowajua kwa sura na jina walikuwa watatu. Wa kwanza alicheka akasema wote mko hivyohivyo. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mfuko wake, na tangu siku ile nimemwona kwa jirani.

Wa tatu ni mama ntilie, ananunua kwangu makopo 5 kila siku, siku 6 za wiki, mwaka wa 4 sasa. Nilikaa na daftari usiku. Gramu 450 kwa siku, kilo 2.7 kwa wiki, kilo 140 kwa mwaka. Miaka minne ni kilo 560. Nikaongeza sehemu ya tano aliyoisema Mwinjilisti, 112. Jumla 672. Zaidi ya magunia 13 ya kilo 50. Nilifunga daftari nikaenda nje kusimama.

Asubuhi nikamwita nyuma ya magunia nikamwambia yote. Nikamwonyesha na hesabu, kwamba nitampa gunia moja kila mwezi mpaka deni liishe. Alinyamaza muda. Akalichukua lile kopo, akaingiza mkono ndani, akapapasa kitako kwa vidole. Akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza, ulijua tangu lini?

"Mimi napika, baba. Kila siku sufuria ni ile ile. Mchele wako haukuwahi kufika kwenye alama yangu. Kwani unadhani kwa nini nilikuwa naomba nyongeza kila siku? Na wewe ukinipa nakushukuru, Mungu akubariki. Kumbe unanipa mchele wangu mwenyewe."

Akakubali gunia kwa mwezi, tukaandika, akatia sahihi. Kisha akaomba kilo zake 5 za siku hiyo, nikampimia. Mshale ukasimama pale pale kwenye 5. Akautazama, akanitazama mimi, mfuko bado ameushika wazi.

"Na nyongeza?"

Nikamtilia kiganja kimoja.